Mkeka wa Sedekia

Desemba 11, 1955. Jumapili.

Kurasa za nyuma za daftari langu la Jiografia zimebaki nyeupe, na mtihani wa Cambridge umekwisha, kwa hiyo nitaandika humu mpaka majibu yatoke. Nilikuwa nimekusudia ukurasa wa kwanza uwe wa majigambo. Sasa ni wa msiba.

Sedekia amefariki. Tulitoka Iringa Jumatano, mimi na yeye, vijana wawili pekee wa mlima huu waliofika darasa la kumi na mbili. Ndani ya basi alianza kutetemeka. Nikamvua shati lake lililolowa, nikamvika sweta langu la shule, lile ambalo mama alilishonea jina langu shingoni kama kanuni za bweni zinavyotaka. Tulipofika Chimala hakuweza kusimama, na mbele mto ulikuwa umefurika. Mwenye duka mmoja, Bwana Alawi, ambaye wazee wake walitoka Pwani, akatupokea bila kutuuliza dini wala kabila. Mimi nami nilikuwa na homa. Nakumbuka vipande vipande tu.

Alhamisi alasiri Sedekia aliniuliza jibu la swali la tatu la hesabu. Nikamwambia. Akasema, "Basi mimi nimekosa." Hakusema tena. Nilimfumba macho kwa mkono wangu mwenyewe.

Alizikwa palepale Chimala siku ya Ijumaa, akiwa na sweta langu. Kwa joto la kule hakuna aliyeweza kungoja mto upungue. Jumamosi Bwana Alawi akanipakia kwenye lori la mchele. Nilipofika Mbalizi sikuwa na nguvu ya kubeba masanduku mawili, nikaliacha langu kwenye kibanda cha muuza chumvi, nikapanda mlima na la Sedekia kichwani. Mama yake aliniona kwa mbali. Aliliona sanduku kabla ya kuniona mimi, na alikuja mbio akicheka.

Desemba 16.

Mzee Timotheo, baba yake Sedekia, alikuja kwetu na ndugu zake watatu. Walikaa na baba yangu tangu asubuhi mpaka umande ukakauka. Nilijua wanataka nini.

Kwenye ukoo wao, mtu akifia njiani na maiti yake isionekane nyumbani, halii mtu. Yule aliyemfumba macho anakalia mkeka wake. Anaitwa kwa jina lake, anakula kwake, analima shamba lake, mpaka mvua za mwaka ule zikatike. Wanasema jina limetangulia na mwenyewe anakuja nyuma kwa miguu, naye asipokuta nafasi yake ina mtu atapita moja kwa moja, asijue pa kusimama. Mvua zikiisha anakuwa amefika. Hapo mkeka unakunjwa, watu wanalia kilio chao mara moja, basi.

Mchungaji alipoulizwa alisema siku hiyo ana safari ya Mbeya. Baba yangu, Tadeo, yeye alisema, "Ni miezi mitano tu. Kwani wewe una kazi gani?"

Nimeketishwa leo. Mkeka ni wa ukindu, umechakaa upande mmoja.

Desemba 25.

Krismasi. Nimeimba sauti ya pili kanisani. Wakaniambia nihamie ya tatu, aliyokuwa akiimba Sedekia.

Januari 3, 1956.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msomi je? Yeye hawakumngojea hata hiyo ya tatu. Nalima mahindi ya watu huku nikikariri mito ya Kanada.

Mama Sedekia, Tupokigwe, ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Ananiwekea kikombe upande wa kushoto, kwa sababu Sedekia alikuwa wa mkono wa kushoto. Siku za kwanza nilikuwa nakihamisha. Leo nimekiacha.

Januari 9.

Mvua.

Januari 22.

Tulikuwa tunachambua maharage, mimi na Mama Sedekia. Ukungu umeteremka mpaka mlangoni, hata migomba ya uani haionekani. Mbwa wao, anayeitwa Posta kwa kuwa ana mbio, alikuwa amelala juu ya miguu yangu. Mama akasema, kwa sauti ileile ambayo angesema chumvi imekwisha:

"Amefika Igurusi."

"Nani, mama?"

"Viatu vimemwishia. Anatembea pembeni mwa barabara, kwenye majani."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimwuliza amejuaje. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo, akaendelea kutupa maharage mabovu upande.

Februari 4.

Barua ya Yunusu, mwenzetu wa Iringa mjini. Anasema hakungoja majibu. Mjomba wake kamtafutia ukarani wa posta, ana suruali mbili na kalamu ya wino. Silvester kaenda upolisi Moshi. Wawili wamejiandikisha ualimu. "Wewe na Sedekia mnangoja Makerere tu," ameandika, "ninyi vichwa." Habari hazijamfikia.

Ni kweli nangoja Makerere. Naandika waziwazi hapa kwa kuwa kwa mdomo siwezi kusema: nataka kwenda kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote. Hakuna mtu wa mlima huu aliyewahi kufika. Nikipita, natoka kwenye tope hili. Nisipopita, nitakuwa karani anayeandika barua za ng'ombe waliopotea.

Februari 8.

Karani mpya wa baraza la chifu, Bwana Bartholomeo, Mbena, kahamishiwa hapa mwezi jana, alipanda mlima na karatasi. Viatu vilikuwa vimejaa tope na hasira ilikuwa imemjaa kichwani. Alisimama uani kwa Mzee Timotheo.

"Mzee, una kijana wa shule anaitwa Sedekia?"

"Ninaye."

"Yupo?"

Mzee akashangaa swali. "Yupo. Si huyo hapo anachonga mpini?"

Bwana Bartholomeo akanitazama. Nami nikamwinulia mkono kumsalimu. Akaandika, akamwekesha Mzee kidole, akashuka. Nilicheka sana jioni nilipomsimulia mama yangu. Yeye hakucheka.

Februari 20.

Palizi kutwa. Nikala nyumbani, kisha nikapita kwa Tadeo kumjulia hali.

Februari 21.

Nimesoma nilichoandika jana. "Nyumbani" ni kwa Mzee Timotheo. "Kwa Tadeo" ni kwa baba yangu mzazi. Sikukusudia. Naacha kama kilivyo, ila nimeogopa.

Machi 2.

Amefika Inyala. Amepumzika siku mbili kwa watu waliomuonea huruma. Mama Sedekia ameniambia haya akinifulia shati, na mimi nikajikuta nauliza, "Wamempa chakula?"

"Viazi," alisema.

Machi 11.

Mvua. Posta hanibandukii. Jembe nimelishika kwa kushoto na halinisumbui.

Machi 14. Jumatano.

Majibu yametoka. Nitaandika polepole.

Bwana Bartholomeo alileta bahasha mbili za shule, akaenda zake. Moja ya Sedekia, nyingine ya baba yangu. Nilishangaa kwa nini ya kwangu imeandikwa jina la baba, lakini desturi ilinidai nianze na ya mwenye mkeka. Nikaifungua mbele ya Mzee Timotheo na mkewe. Ni mistari minne. Sedekia Timotheo hakufaulu. Anashauriwa kutafuta kazi au kuomba ualimu wa daraja la chini.

Nililia. Nililia kwa sababu ya lile swali la tatu, alivyoniuliza na homa yake, na mimi badala ya kumdanganya nikamwambia jibu. Mama Sedekia akanishika kichwa, akasema, "Usilie, baba. Utarudia mwakani." Mzee akasema dunia haiishii shuleni. Walinibembeleza mpaka nikanyamaza. Hakuna aliyewahi kunibembeleza vile.

Kisha nikashuka kwetu. Baba na mama walikuwa wameketi, wamevaa nguo za kanisani. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na msoma Kiingereza ni mimi peke yangu. Nikaanza kuwatafsiria kwa sauti ya mtu aliyefaulu.

"Mpendwa Bwana Tadeo. Kwa huzuni kubwa, shule inakupa pole kwa kifo cha mwanao Lutengano, kilichotokea Chimala tarehe 8 Desemba."

Nikausoma tena mstari ule kwa macho. Baba akasema, "Endelea."

"Utapenda kujua kwamba marehemu alifaulu kwa Daraja la Kwanza. Angekuwa wa kwanza kutoka wilaya yenu kupewa nafasi Makerere. Nafasi hiyo sasa atapewa mwingine. Mungu ampumzishe."

Jua lilikuwa limetoka kidogo baada ya siku sita, na kuku walikuwa wanachakura mlangoni. Baba alicheka kicheko kimoja kifupi.

"Kwa hiyo mimi nimezaa msomi au marehemu?"

Mama aliinuka, akanishika mkono, kisha shavu, kisha sikio, kama anavyopapasa ndizi sokoni. Mikono yake ilikuwa ya baridi mno.

Machi 17.

Nimeshuka barazani kwa Bwana Bartholomeo. Amefungua jalada na kunionyesha. Watu wa Chimala waliripoti kwamba amekufa kijana wa shule, na jina wakalisoma shingoni mwa sweta: Lutengano. Shule ikataka hakika, ikauliza baraza: kati ya vijana wenu wawili, aliyekufa ni yupi? Karani akapanda mlima. Akamkuta Sedekia yupo, anachonga mpini.

"Mimi niliandika nilichoambiwa," alisema. "Na wewe mwenyewe uliniinulia mkono."

Kweli, nilimwinulia. La kuvunda halina ubani. Akanisaidia kuandika barua kwa Mwalimu Mkuu.

Machi 25.

Mvua. Amefika Uyole.

Machi 29.

Mwalimu Mkuu amejibu haraka, namshukuru. Ameandika: "Mimi na walimu tunaijua sura yako. Lakini Idara ya Elimu Dar es Salaam haijui sura, inajua karatasi. Ilisajili kifo chako kwa kauli ya wazazi wa Sedekia. Mmoja wao aende bomani kwa Bwana Shauri, Mbeya, atamke kwa kiapo kwamba aliyekufa ni mwanawe. Majina yanapelekwa Kampala tarehe 20 Aprili. Baada ya hapo siwezi kitu."

Rahisi. Mtu mmoja aseme maneno matatu tu: mwanangu Sedekia amekufa. Na mvua haitakatika kabla ya katikati ya Mei.

Aprili 1.

Pasaka. Baada ya ibada baba yangu alikwenda kwa Mzee Timotheo, nami nikaketi nyuma yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia baba:

"Tadeo, mwanao ni mzima. Unamwona, anakula, ananenepa. Wangu yuko barabarani kwenye mvua. Unataka nimfungie mlango angali njiani?"

"Ni karatasi tu, ndugu yangu."

"Basi kama ni karatasi tu, mbona unaihangaikia hivyo?"

Baba aliinuka tuondoke. Mimi nilikuwa na jibu, nikalimeza, maana namheshimu. Jibu ni kwamba nafsi yangu imo kwenye karatasi ile. Huku mlimani mimi ni Sedekia, na Kampala mimi ni maiti. Sina pa kuwa Lutengano isipokuwa humu daftarini. Namchukia yule mzee, na ninampenda, na sijui ni nani kati yetu wawili anayempenda.

Aprili 9.

Amefika Mbeya mjini. Amepita barabara ya maduka, watu wanampisha bila kumwona. Mama Sedekia ameanza kusiriba upya ukuta wa chumba cha mwanawe.

Aprili 12.

Mvua. Leo mama yangu aliniita njiani, "Lutengano!" Niliendelea kutembea. Alinikimbilia akanishika bega, akaanza kulia pale pale mbele za watu.

Aprili 16. Jumatatu.

Zimebaki siku nne. Niliamua kumwomba Mama Sedekia mwenyewe, jambo ambalo halifanywi. Nilimkuta kisimani. Ukungu ulikuwa mzito, nasikia maji yakiingia mtungini kabla sijamwona.

"Mama, nina neno."

"Najua neno lako," alisema. "Mlima mzima unalijua."

Nikamweleza hata hivyo. Nilimweleza habari za Kampala, za vitabu, za chumba chenye taa ya umeme. Maneno yalitoka ovyo, nilibubujika kama mtoto. Akaacha mtungi ufurike.

"Amefika Mbalizi," alisema.

Nikajua maana yake. Kutoka Mbalizi hadi uani kwake ni kupanda mlima tu, mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima wa afya. Kwa mwendo aliokuja nao yule, ni mwezi mmoja.

"Amekaa kwenye kibanda cha muuza chumvi. Amekalia sanduku lako. Ananitazama huku juu." Akajifuta uso kwa kanga. "Nikisema amekufa, atasimama hapohapo aliposimama. Hataweza kuendelea. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Amebakiza mlima tu, baba. Mlima tu."

Sikumwomba tena. Nilimtwisha mtungi, nikarudi nyuma yake. Njiani nilisikia kwamba sisi ni watatu, kwa hatua. Sikugeuka. Aliye mbele yangu naye hakugeuka, lakini alisogea kulia kumpa mtu njia.

Aprili 18. Jumatano.

Nilikuwa nafunga ng'ombe alfajiri nikamwona Mama Sedekia amevaa gauni jeusi la mazishi. Mzee Timotheo alikuwa amesimama mlangoni, amegeukia ndani. Hakumzuia na hakumuaga.

"Twende Mbeya," aliniambia.

Tulitembea kwenye mvua mpaka mjini. Tulipopita Mbalizi alijifunika kanga usoni, akaniambia nimshike mkono, nami nikamwongoza kama kipofu mpaka tukakipita kibanda. Mimi nilitazama. Niliona magunia ya chumvi, na sanduku langu, na juu ya sanduku pamekauka, ingawa paa la kibanda linavuja.

Bomani tulisubiri mpaka saa sita. Bwana Shauri aliuliza kupitia mkalimani, mama anataka kusema nini. Alishika Biblia. Nilidhani sauti yake haitasikika, lakini ilisikika mpaka kwenye varanda.

"Andikeni. Sedekia Timotheo, mwanangu, wa tumbo langu, amekufa. Alikufa Chimala. Huyu si yeye. Mimi mama yake nimesema."

Wakampa wino, akaweka kidole. Kisha karani akanigeuzia karatasi.

"Na wewe, jina lako nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa kwa Mungu, jina langu halikuja. Lililokuja ni lile lingine, lilisimama kwenye ulimi likiwa tayari, na kalamu ilikuwa tayari kwenye mkono wangu wa kushoto. Karani alirudia swali. Bwana Shauri akainua macho. Mambo yote niliyoyataka duniani yalikuwa juu ya meza ile, na mimi nilikuwa mtu asiye na jina.

Mama Sedekia akaichukua kalamu kwenye mkono wangu wa kushoto, akaitia kwenye wa kulia, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Lutengano," alisema. "Sema, mwanangu. Lutengano Tadeo."

Nikasema. Nikaandika.

Tukarudi. Mlimani walikuwa wamekwisha kusikia. Kilio kilianza tulipokaribia. Mzee Timotheo aliukunja mkeka mbele yangu, na kwa desturi, aliyekuwa juu ya mkeka haingii tena ua ule. Nilisimama nje. Posta alitoka mbio, akasimama hatua tatu kutoka kwangu, akanibwekea kama mwizi.

Aprili 23.

Mvua. Niko kwetu. Kikombe nakiweka kulia.

Mei 4.

Simu ya maandishi kutoka Iringa: jina limekubaliwa, limekwenda Kampala. Baba amechinja jogoo. Nina furaha, naandika ili nikumbuke kwamba nina furaha.

Mei 13.

Mvua zimekatika.

Mei 21. Jumatatu.

Nimeshuka Mbalizi kungoja basi la Iringa, tunakokusanywa kwa ajili ya safari. Baba na mama wamenisindikiza mpaka nusu ya mlima, nikawarudisha, sipendi kuliliwa barabarani.

Niliogopa kufika kibandani. Muuza chumvi akanitolea sanduku langu. Nikamshukuru kwa kulitunza muda wote ule. "Si mimi," alisema. "Mwenzio ndiye aliyekuwa analikalia." Nilimwuliza mwenzangu yupi. Akasema yule kijana mpole, asiye na viatu, kwani tumegombana? Tangu katikati ya Aprili hajasogea, hali, hanywi, anatazama mlima tu. Kisha mteja akaja, akaanza kupima chumvi.

Jua lilikuwa kali na barabara nyeupe, hakuna ukungu hata chembe. Ndipo nikamwona Mama Sedekia anashuka, amebeba mkeka uliokunjwa kichwani, na Posta mbele yake. Nilijua amekuja kufanya nini. Kama mwanawe hawezi kuupanda mlima peke yake, atamfuata mwenyewe. Kiapo kilichomsimamisha njiani hakikumkataza mama kushuka.

Posta alinipita akininusa, akanguruma, kisha akakimbilia kibandani akitikisa mkia, akalala chini mbele ya mahali sanduku langu lilipokuwapo. Mama akasimama hapo kidogo. Sikusikia alichosema, ila alinyoosha mkono, kama mtu anayemsaidia mwingine kuinuka.

Basi lilikuwa linapiga honi kule juu kwenye kona. Aliponipita akirudi, alisema kwa sauti ile ya chini, "Safari njema, Lutengano."

Nikageuka kuangalia anamwita nani.

Nilipomrudishia macho alikuwa ameshaanza kupanda. Alikuwa anaongea polepole, anasimama kila baada ya hatua chache, anangoja, kisha anaendelea. Njia yetu ile ni pana ya kutosha watu wawili. Yeye alitembea ukingoni kabisa, upande wa kulia, mpaka gauni likashikwa na miiba, na upande wa kushoto akauacha wazi.